Mafuta, Mbegu na Mavyaa: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja ya Mombasa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa vikundi vya akina mama, yaani watu ambao hupelekewa mambo ya nyumba za wenzao bila kuomba. Kinamhusu mama Mkristo aliyetafuta baraka kwa mhubiri kwa kununua mafuta ya upako na kutuma “mbegu”, yaani sadaka ya fedha inayotolewa ili kupata jambo fulani. Familia yenyewe imekubali kiandikwe. Majina, mtaa, dhehebu na baadhi ya mambo ya kazi yameondolewa au kubadilishwa. Mhubiri anayetajwa hatambulishwi, na msomaji wa Mombasa atakayedhani amemjua akumbuke kwamba wa mtindo wake si mmoja wala wawili. Mama mwenyewe tumwite Mama K.

Usuli

Mama K. alikuwa na kibanda cha chakula upande wa bara, magharibi ya kisiwa, karibu na yadi ya makontena. Alfajiri aliuza mahamri na mbaazi, mchana wali na maharagwe. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, utingo na vibarua. Mumewe alikuwa karani wa mizigo katika yadi hiyohiyo. Walikuwa na watoto watatu, mkubwa akisoma shule ya bweni. Katika chumba cha pili cha nyumba yao ya kupanga alikaa mavyaa wake, mjane aliyepita miaka sabini, mzaliwa wa Rabai, aliyebatizwa na kulelewa katika kanisa la huko, mahali ambapo Krapf na Rebmann waliweka misheni mwaka 1846. Kwa hesabu ya Ukristo, hakuna aliyekuwa na mizizi mirefu kuliko huyo bibi katika nyumba ile, na pengine katika ushirika mzima.

Reli ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba makontena Januari 2018. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya kwenda bara ipande reli. Watu waliandamana Mombasa, agizo likasitishwa, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba lilikuwa kinyume cha sheria. Lakini yadi nyingi zilikuwa zimekwisha kupunguza watu, na mume wa Mama K. alikuwa miongoni mwao. Pigo lilikuwa la mara mbili: mshahara wa mume ulikatika, na wateja wa mke, waliokuwa wenzake mumewe, wakatawanyika.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 makanisa yalifungwa, na Aprili kaunti ya Mombasa ikafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Ushirika wa Mama K., kanisa la kimisheni la miaka mingi, ulinyamaza. Hapakuwa na mipango ya redio wala ya simu, na wazee walisubiri milango ifunguliwe. Mhubiri mmoja hakunyamaza. Sauti yake iliingia jikoni kwa Mama K. kila alfajiri kupitia redio, na baadaye kupitia simu, ikiwataja watu wa bandari waliopoteza kazi kana kwamba inawajua kwa majina.

Mama K. hakuwa mtu wa pembeni. Aliimba kwaya, na alikuwa mweka hazina wa umoja wa akina mama.

Mambo yalivyokwenda

Mikutano iliporuhusiwa tena, rafiki yake alimpeleka kumwona yule mhubiri ana kwa ana. Alirudi na kichupa cha mafuta ya upako alichokinunua kwa shilingi 500. Kabla ya juma kwisha mumewe aliitwa kibarua cha majuma mawili katika yadi nyingine. Mama K. aliunganisha mambo hayo mawili, na ni nani ambaye asingeyaunganisha?

Kuanzia hapo kila hitaji likawa na bei yake. Kulikuwa na mbegu ya kazi, mbegu ya mtoto, mbegu ya kufunga kinywa cha adui. Palikuwa na maji ya kunyunyizia kibanda kabla jua halijachomoza, chumvi ya kumwaga kizingitini, stika yenye uso wa mhubiri ya kubandika juu ya mlango, na kitambaa cha kuweka chini ya mto wa mume. Mume hakuambiwa habari ya kitambaa. Mbegu zilitumwa kwa simu, na kila asubuhi ulikuja ujumbe wa kueleza mbegu ya siku hiyo ni ya jambo gani na ni ya kiasi gani.

Mtu wa kwanza kusema neno la maana hakuwa Mkristo. Bibi mmoja Mwislamu aliyepanga chumba cha mkabala alimkuta akinyunyiza maji, akamwuliza kwa upole, “Mama K., mwanangu, hii na hirizi tofauti yake ni nini? Sisi masheikh wetu watukataza, watwambia ni shirki.” Mama K. akamjibu kwamba yake ina jina la Yesu. Bibi hakubishana naye.

Jumapili Mama K. aliendelea kuimba kwaya. Kwake yeye hakukuwa na mgongano wowote: Yesu ni yuleyule, ila huku anaimbiwa na kule anafanya kazi. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na sijasikia maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo kuhusu hali ya Wakristo wengi wa mjini.

Karo ya muhula mmoja ikaenda kuwa mbegu, kijana akarudishwa nyumbani. Ili amrudishe shuleni, Mama K. alichukua fedha za umoja wa akina mama, kwanza kidogo, kisha tena na tena, akiwa na nia ya kuzirudisha. Zilifika elfu arobaini na kitu. Sehemu yake ililipa karo. Nyingine ilikuwa mbegu ya kuharakisha ile ya kwanza.

Kazi ya mume haikuja. Mama K. akawauliza watumishi wa mhubiri kosa liko wapi. Jibu lilikuwa kwamba nyumbani kwake kuna mlango ulioachwa wazi, kuna mtu mzima anayekula baraka za vijana. Hawakutaja jina, wala hawakuhitaji kulitaja. Nyumba ile ilikuwa na mzee mmoja tu.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine na damu zao wenyewe, hata Kaya Godoma kule Ganze ikawa mahali pa kuwahifadhi waliokimbia makwao. Mama K. hakumtamkia mavyaa wake lolote. Aliacha tu kula alichopika. Aliwazuia watoto kuingia chumbani kwake jioni. Wadogo wa mume wakaanza kuuliza maswali. Bibi aliona, akaelewa, na asubuhi moja akafunga mkoba wake akapanda matatu kwenda kwa binti yake Kaloleni. Aliaga kwamba anakwenda kusalimia.

Yote haya yalijulikana hesabu za mwisho wa mwaka zilipofunguliwa na sanduku la akina mama likakutwa tupu.

Maamuzi ya baraza na sababu zake

Baraza la wazee lilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilielekea kwenye fedha. Pendekezo la kwanza lilikuwa asimamishwe mbele ya ushirika aungame. Walilikataa, na kwa sababu nzuri: maungamo ya hadharani yangelazimu kumtaja mavyaa, na shutuma ya uchawi ikishasemwa mbele ya watu mia mbili haifutiki kwa sala ya toba. Huo ndio uamuzi bora waliofanya.

La pili, alivuliwa uweka hazina na kupangiwa kulipa deni kidogokidogo kila juma. Hapo hapakuwa na ubishi.

La tatu, waliamua vitu vyote vichomwe. Mzee mmoja alisoma Matendo 19, pale Waefeso walipoleta vitabu vyao vya uganga vikachomwa mbele ya watu wote, thamani yake vipande vya fedha elfu hamsini. Jumamosi wakaenda na kwaya, wakakusanya chupa, stika, chumvi na kitambaa, wakavitia moto uani huku wakiimba. Mume ndipo alipojua alikuwa akilalia kitambaa.

La nne liliongezwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kusimama waondoke: mama mmoja wa ushirika, muuguzi mstaafu, aombwe awe anamtembelea.

Kuhusu mavyaa, baraza halikuamua lolote. Walichukulia kwamba moto umemaliza.

Baada ya moto

Majuma machache baadaye Mama K. alikwenda ofisini kwa mchungaji wake na chupa ya maji na bahasha yenye shilingi elfu moja. Aliomba maji yaombewe kwa ajili ya kazi ya mumewe. Mchungaji, mtu mpole asiyependa kumvunja mtu moyo, aliomba, na bahasha akaitia katika sadaka. Muuguzi aliposikia alimwendea moja kwa moja: “Mchungaji, kwa heshima yako, umemuuzia.”

Muuguzi mwenyewe alichukua njia nyingine. Aliketi na Mama K. mkekani, wakafungua simu na kupitia ujumbe mmoja baada ya mwingine wa pesa zilizotumwa. Katika daftari la shule walichora safu mbili: nilichotuma, nilichoomba. Kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa, maana Mama K. alikuwa akichoka au akikasirika, na muuguzi alikuwa anakubali kuachia hapo na kuondoka na chai yake nusu.

Jumla ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, lakini si jumla iliyomgeuza. Ilikuwa mstari mmoja. Juma alilotuma mbegu ya kufunga kinywa cha adui ndilo juma alilomwaga mchuzi wa mavyaa wake kwa mara ya kwanza. Alipoona mambo hayo mawili katika mstari mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe, alilia.

Matokeo

Deni lililipwa lote, kwa zaidi ya mwaka. Kijana alihamishwa shule ya kutwa akafanya mtihani wake. Mfuko wa mashemasi ulisaidia, na fedha zilipelekwa shuleni moja kwa moja. Mume sasa anaendesha tuktuk na haendi kanisa lolote. Anasema makanisa yote ni duka moja lenye milango miwili.

Mchungaji, muuguzi na Mama K. walikwenda Kaloleni. Bibi aliwapokea, akawaandalia, akala pamoja nao kutoka sahani moja, na kwa jamii yake hilo ni jambo kubwa. Lakini alipoombwa arudi, alisema, “Nimekusamehe, mwanangu, mbele ya Mungu. Ila kulala kwako, silali tena.” Hajarudi. Wajukuu humtembelea likizoni.

Uchambuzi

*Moto ulichoma nini?* Ulichoma plastiki na mafuta. Wazee walitafuta sanamu kwenye vitu kwa sababu kitu kinaonekana na kinashikika, na kukichoma kunatia moyo. Lakini Ezekieli 14 inawasema watu waliotia vinyago mioyoni mwao, na kinyago cha moyoni hakina uani pa kuchomewa. Kilichokaa moyoni mwa Mama K. kilikuwa mapatano: nikitoa kiasi fulani, Mungu ananiwia. Chupa ya kwanza ilipochomwa, mapatano yalibaki mazima, yakahamia kwenye chupa nyingine na mchungaji mwingine.

Biblia ina mtu wa aina hii, na ni ajabu jinsi asivyohubiriwa. Katika Waamuzi 17, Mika anamwibia mama yake vipande 1,100 vya fedha, anavirudisha, na mama anaziweka wakfu kwa BWANA, naam, kwa BWANA, kisha anatoa 200 kwa mfua fedha atengeneze sanamu. Mika anampata Mlawi msafiri, anamwajiri kwa vipande 10 kwa mwaka, mavazi na chakula, na kusema kwamba sasa anajua BWANA atamtendea mema kwa kuwa ana Mlawi awe kuhani wake. Katika nyumba ile hakuna jina geni la mungu hata moja. Jina ni la kweli, kuhani ni wa kabila halali, na ibada nzima ni sanamu, kwa sababu imejengwa ili kumlazimisha Mungu. Jibu la Mama K. kwa jirani yake, kwamba yake ina jina la Yesu, ni jibu ambalo Mika angelitoa. Na sura ya 18, watu wa kabila la Dani wanapoichukua ile miungu, Mika anawafuata akilia kwamba hana tena kitu. Baraza lilimwacha Mama K. pale pale: mikono mitupu na mapatano yaleyale.

Mtu atauliza kuhusu mafuta, maana Yakobo 5:14 inayataja. Ndiyo, na inaeleza pia yanatumikaje: mgonjwa anaita wazee, wanakuja *kwake*, wanaomba na kumpaka. Hakuna bei, hakuna chupa inayobaki nyumbani kufanya kazi wazee wakiondoka. Hata kitu kilichotoka kwa Mungu hasa kinaweza kuharibika. Nyoka ya shaba ya Hesabu 21 iliponya watu, na vizazi vingi baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia aliivunja kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Tofauti ya Hezekia na baraza letu ni kwamba yeye hakuishia kwenye kuvunja. 2 Nyakati 29 na 30 zinaeleza alivyofungua milango ya nyumba ya BWANA, akairudisha ibada, akawaita watu kwenye Pasaka. Ushirika huu ulikuwa umefungwa kwa miezi mingi wala hakuna mzee aliyebisha hodi kwa Mama K. Kisha ukaja na kiberiti.

*Bahasha.* Mchungaji hakuwa na tamaa ya shilingi elfu moja. Lakini 2 Wafalme 5 inatufundisha kuwa makini na saa ya kupokea. Naamani anapona, anamsihi Elisha apokee zawadi, Elisha anaapa hapokei. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anakimbia nyuma ya gari na kupokea talanta mbili za fedha na mavazi, na kwa kufanya hivyo anamfundisha mgeni yule kwamba Mungu wa Israeli ana bei kama wengine. Kupokea sadaka ya Mama K. siku nyingine yoyote kusingekuwa na neno. Kuipokea pamoja na chupa kulithibitisha mapatano kwa mhuri wa kanisa lake mwenyewe.

*Mavyaa.* Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu zaidi. Baada ya Shakahola mwaka 2023, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na zaidi ya miili 400 ikafukuliwa, watu wa pwani wamejifunza kumwogopa mhubiri anayewapeleka watu msituni. Mhubiri wa kisa hiki hakumpeleka mtu popote. Watu walirudi kwao jioni, wakapika, wakalala. Na bado nyumba ilimpoteza bibi yake. Sababu ni kwamba mungu wa mapatano hawezi kushindwa: muumini amekwisha kulipa, kwa hiyo baraka isipokuja lazima kuwe na mwizi, na mwizi hutafutwa karibu. Mara nyingi ni mzee, mtoto wa kambo, mke wa pili au yatima. Hatari ya ibada hii kwa mfuko wa mtu ni kubwa, lakini hatari yake kwa mtu aliye dhaifu kuliko wote nyumbani ni kubwa zaidi, na baraza ambalo linahesabu fedha kwanza litaiona mwisho, kama hili lilivyoiona.

Muuguzi alikuwa na swali moja ambalo nimelichukua katika mafunzo yangu: *Asipojibu, utamlaumu nani?* Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa na jibu kabla ya kutupwa katika tanuru la moto. Katika Danieli 3:18 wanasema, “Bali kama si hivyo,” hawataisujudia sanamu. Mtu ambaye asipojibiwa atamlilia Mungu mwenyewe, hata kwa ukali, yuko pamoja na watunzi wa Zaburi. Mtu ambaye asipojibiwa atamtaja mtu wa nyumbani mwake, huyo anahitaji kutembelewa upesi, na anayetajwa anahitaji kutembelewa kabla yake.

*Kilichofaa.* Siri ya baraza ilifaa. Daftari lilifaa, kwa sababu lilimwachia Mama K. agundue mwenyewe, na kwa sababu muuguzi hakumcheka. Ni rahisi kuicheka chupa ya mafuta ukiwa na pensheni. Nadhani zaidi ya mmoja katika baraza lile alisahau hilo. Kulipa karo shuleni moja kwa moja kulifaa pia, kwani kulionyesha msaada usiodai kitu, jambo ambalo Mama K. hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

*Kilichobaki.* Muuguzi alipeleka hoja moja zaidi barazani. Katika harambee za ujenzi, ushirika huu umezoea kuwaita mbele waliotoa kuanzia kiasi fulani, wawekewe mikono na kuombewa biashara zao. Aliuliza hilo linatofautianaje na mbegu, akasoma Matendo 8:20, Petro anapomwambia Simoni, aliyetaka kununua karama ya Mungu, kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alijibu kwamba wanaoitwa mbele hawanunui kitu, wanatiwa moyo, na kwamba paa halijakamilika. Baraza liligawanyika nusu kwa nusu. Wakakubaliana harambee iliyofuata ifanyike bila kuita mtu mbele. Makusanyo yalishuka sana, mwenyekiti akaomba utaratibu wa zamani urudi, na hoja hiyo imo katika ajenda ya kikao kijacho.